Mgonjwa wa Bethzatha na Homa Inayorudi



Padre ameniomba niandike mafundisho ya toleo hili, nami nimeona vema tulitazame tena somo la Injili ya Yohana, sura ya 5, habari za yule mgonjwa wa birika la Bethzatha. Wengi wetu tumelisikia tangu shule ya Jumapili. Lakini mimi nina deni la zamani linalohusu somo hili, nami nimekwisha kustaafu. Nisipolilipa sasa, nitalilipa lini?

Pale Yerusalemu, karibu na mlango wa kondoo, palikuwa na birika lenye matao matano. Katika matao hayo walilala wagonjwa wengi, vipofu, viwete na waliopooza, wakingoja maji yatibuliwe. Mmoja wao alikuwa ameugua miaka 38. Bwana wetu alipomwuliza kama anataka kuwa mzima, yule mtu hakueleza ugonjwa wake ulivyo. Alieleza kwamba hana mtu. Maji yakitibuliwa, hana wa kumtia birikani. Naye akijikokota, mwingine amekwisha kutangulia.

Tulifikirini jambo hilo. Katika miaka 38 mtoto huzaliwa, akasoma, akaoa, akazaa, na mtoto wake naye akaanza shule. Bila shaka mwanzoni ndugu zake walikuja na uji na pole. Kisha pole zikapungua. Ugonjwa wa siku tatu huvuta watu nyumbani. Ugonjwa wa miaka huwachosha, wakaanza kutafuta sababu ya kutokuja. Na sababu iliyo rahisi kupatikana ni kusema kwamba mgonjwa ana kosa lake, au wazazi wake wana kosa lao, au kwamba haumwi kweli.

Sasa nawaomba mnifuate mbali kidogo. Huko Marekani, katika jimbo la Maryland, karibu na Washington, uko mji uitwao Bethesda. Ndilo jina la birika lile lile, maana Biblia yetu huandika Bethzatha na Biblia nyingine huandika Bethesda. Mji ule ulilipata jina hilo katika karne ya 19 kutokana na kanisa lililokuwapo hapo. Leo ziko hapo taasisi kubwa za serikali ya Marekani za utafiti wa afya, pamoja na hospitali ambayo wagonjwa wenye maradhi yasiyojulikana hupelekwa wachunguzwe. Nadhani watu wengi hupita mjini hapo bila kulikumbuka birika. Lakini habari ninayotaka kuwasimulia inalistahili jina lake. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenifungulia habari hii, nami nimeisoma kwa bidii ya mwanafunzi.

Mwaka 1985 alifika katika taasisi hizo daktari kijana jina lake Daniel Kastner. Huyu kwanza alisoma falsafa katika chuo kikuu cha Princeton, kisha akasomea utabibu huko Houston. Kazi yake ilikuwa maradhi ya viungo, yaani magoti, viwiko na vifundo vinavyovimba na kuuma. Haikupita miezi mingi akaletewa mgonjwa mwenye asili ya Kiarmenia, taifa ambalo nchi yake ya kale iko upande wa mlima Ararati. Mtu huyu alishikwa na homa kali na uvimbe wa viungo, kisha homa ikaondoka, akawa mzima kama mimi na wewe. Baada ya muda ikarudi tena. Ikaondoka. Ikarudi.

Daktari yule aliutambua ugonjwa huo kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuandikwa na matabibu waliomtangulia. Huitwa homa ya ukoo ya Mediterania, nao huwapata zaidi watu wa nchi zinazozunguka mashariki ya bahari ile: Waarmenia, Waturuki, Waarabu na Wayahudi. Ndizo nchi tunazozisoma katika Maandiko. Mgonjwa hushikwa na homa na maumivu makali ya tumbo, ya kifua au ya viungo, kwa muda wa siku moja hadi tatu, kisha yote hutulia yenyewe. Wako waliopasuliwa tumbo kwa kudhaniwa kuwa wana ugonjwa wa kidole tumbo, na hapakuonekana kitu. Na wako ambao baada ya miaka mingi ya homa hizo figo zao ziliharibika, wakafa.

Ilijulikana kwamba ugonjwa huo hutembea katika ukoo. Ila hapakuwa na mtu aliyejua ni kitu gani hasa kinachorithiwa. Kastner akaamua kukitafuta.

Hapa mwalimu hana budi kuchukua chaki kidogo. Mwili wa binadamu umejengwa na chembe ndogo ndogo sana, na ndani ya kila chembe, isipokuwa chache, yamo maagizo ya jinsi mwili utakavyojengwa na kutunzwa. Maagizo hayo huitwa vinasaba, neno lenye kutokana na nasaba. Ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, lakini urefu wake ni herufi zipatazo bilioni 3. Kila sehemu yenye agizo lake huitwa jeni. Kitabu hicho tunacho katika nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sasa fikirini herufi moja imekosewa. Ninyi mliopita mikononi mwangu darasani mwajua jinsi nilivyokuwa mkali juu ya imla, na sababu yake ni hii: andika neno kuponya, kisha ukosee herufi moja tu uweke z mahali pa y, umepata kuponza. Neno la uzima limekuwa neno la hatari.

Ndivyo ilivyo katika homa hii. Kastner na wenzake walishirikiana na matabibu wa Israeli waliokuwa wakiwatunza wagonjwa hao kwa miaka mingi. Walikwenda kwa jamaa moja baada ya nyingine, wakachukua damu ya wagonjwa na ya ndugu zao walio wazima, wakalinganisha. Mwaka 1992 walifahamu kwamba kosa liko katika kromosomu ya 16; ni sawa na kusema, liko katika juzuu fulani ya kitabu kile. Iliwachukua miaka mingine 5 kuutafuta ukurasa na mstari. Mwaka 1997 vikundi viwili vya watafiti, kimoja ambacho Kastner alikuwa kiongozi wake na kingine cha Wafaransa, viliipata jeni hiyo kila kimoja kwa njia yake, vikatangaza karibu wakati mmoja. Jeni hiyo hutoa agizo la kutengeneza protini yenye viungo 781 vilivyofungamana kama shanga katika uzi. Kwa wagonjwa wengi wenye homa kali zaidi, kosa ni la ushanga mmoja, wa 694.

Kikundi cha Kastner kiliipa protini hiyo jina la pairini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya moto. Nalo ni jina linalofaa. Bwana Mungu ametuwekea mwilini moto wa kutulinda. Ukijichoma mwiba na uchafu ukaingia, mahali pale huwa pekundu, pakavimba, pakawa na joto na kuuma. Ni askari wa mwili wanaopigana na wadudu wa maradhi. Moto huo ukikaa kati ya mafiga, hupika chakula. Ukiruka ukashika makuti, huunguza nyumba. Pairini ni kama mlinzi anayepiga kelele aonapo dalili ya adui. Kwa mwenye kosa lile, mlinzi huamka upesi mno, akapiga kelele usiku wala hakuna mwizi, na mji mzima ukawasha mienge. Ndiyo homa. Ndiyo maumivu. Adui hayupo, lakini moto ni moto wa kweli, na kuungua ni kuungua kwa kweli.

Nayarudia maneno hayo kwa makusudi: kuungua ni kuungua kwa kweli. Nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1985, mwaka ule ule ambao daktari yule alimsikiliza mgonjwa wake, mimi nilikuwa mwalimu kijana, sijamaliza miaka minne tangu nitoke chuo cha ualimu. Darasa langu lilikuwa la tano. Alikuwamo mvulana mmoja mwembamba, mwenye akili ya hesabu, ambaye kila baada ya majuma machache hakuonekana siku mbili au tatu. Akirudi alisema, Mwalimu, miguu iliniuma, nilikuwa na homa. Nami nilimtazama, nikamwona akicheza mpira na wenzake saa ya mapumziko. Nikajiambia, homa gani hii inayojua kalenda ya shule? Nikamwita mbele ya darasa. Nikamwambia kwamba uongo ni dhambi, na katika shule yangu hapana mtoto atakayekua mwongo. Nikampiga viboko vinne mkononi. Hakulia. Alisema, Ahsante, Mwalimu, kama tulivyowazoeza kusema, akarudi kukaa.

Kabla ya mwaka kwisha alifariki. Alishikwa na maumivu usiku, na hospitali ilikuwa mbali.

Nilikwenda matangani. Niliketi mkekani pamoja na wazee, nikawasikia wakisema kwamba huyo alikuwa mtoto wa tatu kufa katika nyumba ile, na kwamba upande wa mama una deni la mizimu lisilolipwa. Wengine walisema mama mwenyewe alifanya jambo kabla ya kuolewa. Waliosema hayo walikuwa Wakristo, wengine ni washiriki wa Meza ya Bwana. Nami, msomi wao, niliyejua Maandiko, nilinyamaza. Nilikunywa kahawa yao nikanyamaza.

Baada ya miaka mingi mdogo wake wa kike alipimwa damu hospitalini, ikaonekana ana selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Ugonjwa huo si homa ile ya Mediterania. Katika huu chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba njia ndogo za damu. Lakini maradhi haya mawili yanafanana katika mambo matatu. Yote mawili ni kosa la herufi katika kitabu cha urithi. Yote mawili huja na kwenda, hata leo mtoto analia na kesho kutwa anacheza mpira. Na yote mawili humfanya mwenye kuugua aonekane mwongo mbele ya asiyeugua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi turudi kwenye Maandiko, maana swali lile la matangani si geni. Katika sura ya 9 ya Injili hiyo hiyo ya Yohana wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani mwenye dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Wao walidhani ni lazima awe mmoja wa hao wawili. Bwana alikataa yote mawili. Hakuwapa jina la mkosaji. Aliwaonyesha kazi ya Mungu iliyo mbele yao, kisha akainama akafanya tope, akaifanya kazi hiyo. Na muda mrefu kabla yake, nabii Ezekieli katika sura ya 18 aliikemea methali ya Waisraeli waliosema kwamba baba wamekula zabibu kali na watoto wanatiwa ganzi la meno. Kila mtu atajibu kwa dhambi yake.

Msomaji makini atanipinga. Atasema, Mwalimu, katika hiyo sura ya 5 Bwana alimwonya yule mgonjwa aliyeponywa asitende dhambi tena, lisije likampata jambo baya zaidi. Na katika Amri Kumi twasoma juu ya uovu wa baba unaopatilizwa kwa watoto. Ni kweli, nayo hayo ni Neno la Mungu. Lakini tazameni ni nani aliyesema na yule mgonjwa, na wakati gani. Ni Bwana mwenyewe, ajuaye yaliyomo mioyoni, naye alisema baada ya kumponya, tena alisema na mtu mwenyewe alipomkuta hekaluni. Hakuyasema matangani, wala nyuma ya mgongo wa mama yake. Dhambi yaweza kuleta ugonjwa. Mlevi na ini lake wanajua. Lakini hakuna mwanadamu aliyepewa ruhusa ya kumtazama mtoto mgonjwa na kuisoma dhambi ya mama yake katika mifupa yake.

Elimu hii ya vinasaba nayo inatusaidia kuufunga mdomo huo. Katika homa ya Mediterania, kama katika selimundu, mara nyingi mgonjwa ni yule aliyepokea nakala yenye kosa kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe kwa kawaida ni wazima, wala hawajui kama wamebeba kitu. Wakiwa wote wawili wamebeba, basi kila mtoto atakayezaliwa ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Kwa hiyo ninyi mashemeji na mawifi mnaosema kwamba ugonjwa umeletwa na mke, jueni kwamba hauwezi kuletwa na mke peke yake. Nusu imetoka nyumbani kwenu. Wala nusu hiyo si aibu kwa nyumba yoyote.

Tena sikilizeni jambo hili la ajabu. Katika baadhi ya jamii za mashariki ya Mediterania hata mtu mmoja kati ya watano amebeba kosa la jeni ile ya pairini. Kwa nini kosa lienee hivyo? Mwaka 2020 Kastner na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: chembe za damu za watu wenye mabadiliko hayo hupambana vizuri zaidi na vijidudu vya tauni, ule ugonjwa uliofyeka miji mizima zamani. Yaelekea kwamba mlinzi mwepesi wa kuamka aliwaokoa mababu zao wengi. Habari kama hiyo ilijulikana kwetu mapema zaidi. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, akaonyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Kwa hiyo kile tulichokiita deni la mizimu kilikuwa ngao ya mababu. Iliwaokoa wengi, na wachache wakalipa gharama yake kwa maumivu. Mtoto mgonjwa kati yenu anabeba gharama ya ngao ambayo labda ndiyo iliyokuokoa wewe. Je, yafaa kumlaumu? Au yafaa kumshukuru na kumbeba?

Watafiti hawakuishia kwenye homa moja. Mwaka 1999 Kastner na wenzake walieleza homa nyingine ya ukoo, nao wakatoa jina jipya kwa jumla ya maradhi ya namna hii ambayo moto wa mwili hujiwasha wenyewe. Mwaka 2006 walitangaza habari za wagonjwa 18 wa ugonjwa wa namna hiyo unaoanza tangu uchanga, wenye vipele, homa na maumivu ya kichwa. Walipewa dawa inayozuia kemikali moja tu ya mwako huo, na wote walipata nafuu upesi. Mwaka 2014 walieleza juu ya watoto waliokuwa wakipata homa na kiharusi, jambo la kusikitisha kwa mtoto, wakaonyesha jeni yenye kosa. Na dawa iliyochaguliwa kwa sababu ya ujuzi huo imewakinga wengi na kiharusi kingine. Mwaka 2020 walieleza ugonjwa wa wanaume wa makamo na wazee, 25 kwa idadi, ambao kosa lao halikurithiwa kabisa. Lilitokea ukubwani katika uboho wa mifupa yao wenyewe. Hao hawakupata kwa baba wala kwa mama. Mwaka 2021 Kastner alipewa huko Sweden Tuzo ya Crafoord kwa kazi hii.

Lakini nisiwadanganye kwamba ujuzi wa jeni ndio uliotoa kila dawa. Dawa ya homa ya Mediterania inayotumika zaidi, kolchisini, inatokana na mmea uliotumiwa tangu kale kwa ugonjwa wa jongo. Mwaka 1972 daktari Stephen Goldfinger wa Boston aliandika barua fupi katika jarida la madaktari, akieleza kwamba wagonjwa wake walioitumia kila siku hawakushikwa tena na homa kama awali. Hiyo ilikuwa miaka 25 kabla ya jeni kupatikana. Kidonge hicho kimeokoa figo za watu wengi. Goldfinger hakuwa na mashine ya kusoma vinasaba. Kilichomfikisha pale ni kuwaangalia wagonjwa wake kwa makini na kuyaamini aliyoyaona.

Hapo ndipo ninapoliona birika. Mgonjwa yule wa Yohana 5 alikosa mtu. Mgonjwa yule wa Bethesda ya Marekani alipata mtu: aliketi mbele ya tabibu ambaye hakusema, mbona leo u mzima? Alimwamini kwa habari ya siku ambazo yeye tabibu hakuziona. Akawauliza ndugu zake. Akafuata jambo hilo miaka 12 hadi alipoiona herufi. Sijui imani ya daktari yule, wala si kazi yangu kuipima. Ila najua kwamba mwaka ule ule wa 1985 mimi nilikuwa na Biblia mezani, naye alikuwa na mgonjwa mbele yake, na katika wawili sisi ni yeye aliyefanya kama Bwana alivyofanya pale mataoni.

Basi, wapendwa, tufanye nini? Si wote watakaokuwa watafiti, ingawa naomba Mungu mmoja wa watoto wetu wa kipaimara awe. Lakini yako mambo ambayo kila mmoja aweza kuyafanya.

Kwanza, mtoto mwenye homa na maumivu yanayokwenda na kurudi apelekwe hospitali, apimwe malaria, na kama malaria haipo tusiishie hapo; tuombe apimwe na selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo, na leo ziko dawa za kupunguza maumivu hayo na kurefusha maisha. Tusiwatoze watoto gharama ya aibu yetu. Mficha maradhi kilio humfichua.

Pili, wenye maradhi ya moto wa kudumu, akina mama wenye baridi yabisi ambao vidole vyao vimepinda, wenye pumu, wenye ngozi inayowaka, tusiwapime kwa siku zao njema. Katika maradhi haya pia watafiti wameona kwamba urithi una sehemu yake, ingawa jeni zinazohusika ni nyingi na kila moja huchangia kidogo. Bibi aliyekuja ibadani Jumapili na kuimba, Jumatatu huenda hawezi kushika kikombe. Mwende Jumatatu.

Tatu, walimu wenzangu mlioko kazini, kabla hamjasema uongo ni dhambi, ulizeni nyumbani kwa mtoto.

Na nne, tukiwa matangani na maneno yale yakianza, asinyamaze mtu. Majuma machache yaliyopita, tulipokuwa tukitoka ibadani, nilisikia nyuma yangu mtu akisema juu ya mtoto wa jirani maneno yale yale niliyoyasikia mkekani mwaka 1985. Safari hii niligeuka nyuma. Ndipo nilipojua kwamba ni lazima niandike.

Kabla ya kuandika nilikwenda kwa mama wa yule mvulana. Yu hai, amezeeka, bado husali pamoja nasi. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya viboko vinne, ambayo kumbe aliijua siku zote, maana mtoto alimwonyesha kiganja. Nikamwomba msamaha, na ruhusa ya kuandika bila kutaja jina. Alikaa kimya kitambo, akichambua mchele katika ungo. Kisha akasema, Mwalimu, nilikwisha kukusamehe zamani, maana Padre alitufundisha hivyo. Andika. Lakini uandike na hili, kwamba mwanangu hakuwa mwongo.

Nimeandika, mama. Hakuwa mwongo. Aliniambia kweli, nami nilimpiga kwa ajili ya kweli hiyo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemwona mtu asiye na mtu, utusamehe sisi tuliowapita wagonjwa wako. Uwabariki wanaotafuta kwa subira asili ya maradhi, na wanaowauguza usiku. Uwafariji wazazi waliozika watoto wao na kuambiwa kwamba kosa ni lao. Utupe masikio ya kusikia, na midomo isiyonyamaza palipo na uonevu. Nasi tuwe watu kwa wale wasio na mtu, hata siku ile ambayo kila homa itakwisha. Amina.

Ni mimi, mwalimu wenu mstaafu.